Aliyechemsha Maji

Héritière hakwenda darasani kujifunza, tuseme ukweli. Alikwenda kumtazama mwanamume wake akifundisha.

Alikaa kiti cha nyuma kabisa katika ukumbi wa kanisa lao pale Troyeville, kati ya akina mama waliovaa vitenge vyao vya Jumapili ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na macho yake hayakubanduka kwa Thabo. Lile shati jeupe alilovaa kijana wa watu alilishona yeye mwenyewe kwa cherehani yake, kola mpaka vifungo. Kila Thabo aliponyanyua mkono kuonyesha picha ukutani, Héritière aliona mshono wa kwapani ulivyokaa vizuri, akajichekea peke yake. Mapenzi yana wazimu wake, acheni.

Ilibaki wiki moja. Jumamosi ijayo baba wadogo wa Thabo wangetoka Soweto pamoja na mama yake, Mama Paskalia, Mluguru wa Morogoro aliyempenda Mzulu mmoja zamani zile, akaolewa naye na kumfuata huku Jozi, yaani Johannesburg. Wangekuja kubisha mlango kwa Papa Gaston, baba yake Héritière, kama wafanyavyo watu wenye adabu zao. Kiswahili kitamu cha Thabo kilitoka kwa mama huyo, na kwa ajili ya Kiswahili hicho watafiti wa chuo walimpa kazi ya kuwafundisha Wakongomani habari za ugonjwa wa sukari.

Utafiti wenyewe ulikwenda hivi. Wageni wenye sukari hapa mjini walikuwa wakikatwa miguu na kupofuka kuliko wenyeji, kwa sababu kliniki iliwapa vidonge na maneno ya Kiingereza, basi, nendeni salama. Watafiti walitaka kujua kama mafundisho ya kanisani, kwa lugha ya watu wenyewe, yangepunguza msiba huo. Makanisa yakapigiwa kura. Baadhi yafundishwe kwanza, mengine yangoje, halafu hali za watu zilinganishwe. Kanisa la Turffontein likaangukia kuanza. La Troyeville likaangukia kungoja. Waumini walisema aliyepiga kura ni Mungu, wakatulia, na sasa, mwezi wa nne, baridi ya Jozi ikianza kuchungulia madirishani, zamu yao ilikuwa imefika.

"Sasa tuje kwenye miguu," alisema Thabo.

Alibandika picha nyingine ukutani. Ilikuwa ya beseni lenye maji yanayofuka mvuke, na miguu ya mtu mzima ndani yake. Juu ya picha hiyo ulipita mstari mwekundu.

"Mwenye sukari haweki miguu kwenye maji ya moto."

"Hata yenye chumvi?" aliuliza Mama Léocadie, mama mmoja mnene wa kwaya.

"Hata yenye chumvi, mama."

"Na kama mutu ametoka kazi wakati ya baridi, miguu imekuwa kama barafu?"

"Hapo ndipo hatari yenyewe." Thabo alijifuta jasho, na ukumbi haukuwa na joto. "Sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaua fahamu za miguuni. Maji yanayokuunguza wewe, yeye anayaona vuguvugu. Ngozi inaiva na yeye amekaa anazungumza. Kesho lengelenge, keshokutwa kidonda, na kidonda cha sukari hakina huruma. Somo hili ndilo tunaloanza nalo kila mahali."

Alisema yote hayo akitazama akina mama wa mbele, kisha wazee wa upande wa kulia. Kiti cha nyuma hakukitazama hata mara moja.

Hapo ndipo Héritière alipojua.

Alishikilia kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Aliiona ile Jumapili ya mwezi wa saba mwaka jana, sebule yao ndogo, Thabo kwenye kochi kajikunyata kwa heshima, Papa Gaston kakunja suruali mpaka magotini. Papa, mwenye sukari wa miaka mingi, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye uwanja wa magari huko Turffontein, na kila siku kabla hajavaa viatu vya kazi, binti yake alimkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. Siku ile alimkanda kwa madaha zaidi. Mchumba yupo, mwache aone ni binti wa namna gani anaoa. Alipiga magoti, akayamimina yakifuka, na alipoinua uso alimwona Thabo kakodolea macho yale maji. Alidhani kijana kaguswa na mapenzi. Msichana wa watu alilala na yale macho moyoni kama zawadi.

Mwezi uliofuata mguu wa kulia wa Papa Gaston ulikatwa chini ya goti.

Héritière alisimama, akatoka nje.

Thabo alimkuta kwenye ukuta wa kanisa, upande wa barabarani. Watu walikuwa wameachwa ndani wakinywa chai isiyo na sukari na kuilalamikia.

"Héritière, mpenzi wangu."

"Turffontein uliwafundisha lini somo hili?"

Thabo aliinamisha kichwa. "Mwaka jana, mwezi wa tano."

"Na kwetu ulikuja mwezi wa saba." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha Thabo. "Nilipopita mbele yako na beseni, ulikuwa unajua au hujui?"

Alitamani adanganywe. Mungu anisamehe kwa kulisema, lakini mwanamke anayependa hufika mahali akaomba uongo, ili apate pa kusimama.

"Nilikuwa najua," alisema Thabo.

"Ukanyamaza."

"Kulikuwa na sheria. Makanisa yanayongoja hatukuruhusiwa kuyafundisha mpaka zamu yao. Ukiwaambia hawa na wale, hakuna tena cha kulinganisha, kazi yote imeharibika."

"Baba yangu ni kanisa?"

"Héritière..."

"Nimekuuliza. Yule mzee aliyekaa mbele yako kakunja suruali ni kanisa?"

"Hapana."

"Wakubwa zako walikwambia ukimwona mtu anaungua umwache aungue?"

Gari lilipita na muziki wake, likasimama kwenye robot, zile taa za barabarani. Thabo alingoja taa ziliachie.

"Hapana," alisema. "Niliwauliza baadaye, mguu ukiwa umeshakatwa. Kiongozi wetu alinishangaa. Alisema kilichokatazwa ni darasa, na kumwonya mtu aliye hatarini ni wajibu wangu, tena walitufundisha hivyo siku ya kwanza kabisa. Mimi ndiye niliyeifanya sheria iwe kubwa kuliko ilivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilinifaa."

"Sema Kiswahili nikuelewe, Thabo."

"Baba yako alinikataa mwaka mzima. Mimi si Mkongomani, sijui kabila langu mara Mzulu mara Mluguru, nitakuacha siku moja. Wewe unajua maneno yake. Siku ile, miguu ikiwa ndani ya maji, akanitazama na kusema, haya, lete wazee wako. Hayo maneno yalikuwa bado moto mdomoni mwake. Ningemwambiaje mzee wa watu, toa miguu, binti yako anakuunguza? Niliona ni utovu wa adabu. Niliona atakasirika, na ile ndiyo yake ataimeza. Nikajiambia nitakunong'oneza wewe kesho. Kesho nikaona haya. Nilipokuja tena, kidonda kilikuwa wazi."

"Kwa hiyo ile ndiyo ya baba yangu uliinunua kwa mguu wake."

Macho yalimjaa Thabo machozi, akayaacha.

"Unajua nilifanya nini kidonda kilipotoka?" Héritière aliuliza. "Nilizidisha chumvi. Nilizidisha moto. Niliona maji yamepoa sana ndiyo maana hakiponi. Wiki nzima, Thabo, asubuhi na jioni, nikiimba nyimbo za kanisa. Na wewe ulikuwa unanitumia ujumbe wa usiku mwema."

"Mzee mwenyewe anajua," Thabo alisema, na mara akatamani kuyarudisha maneno yale kinywani.

"Anajua nini?"

"Hospitalini mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Daktari aliuliza kama mguu uliwekwa kwenye maji ya moto, akamweleza yote. Halafu mzee akaniambia, sema nilikanyaga makaa ya mbaula kule kazini. Mtoto wangu asijue hata siku moja. Akanishika mkono akaniapisha."

Héritière alimtazama kama mtu anayetazama nyumba aliyokulia ikibomolewa. Kisha akaondoka. Thabo aliita, na yeye hakugeuka.

Nyumba yao haikuwa mbali. Papa Gaston alikuwa dirishani kwenye kiti chake, magongo kayaegemeza ukutani, anasikiliza kwaya ya Bukavu kwenye simu. Alipouona uso wa bintiye alizima simu.

"Mutoto wangu, ni nani amekufa?"

Héritière alipiga magoti palepale alipopigia siku zote.

"Papa, ile mbaula ya kazini ilikuwa upande gani?"

Mzee alitazama dirishani, kisha akarudisha macho.

"Thabo amekuambia."

"Picha ukutani ndiyo imeniambia, mbele ya kanisa zima. Yeye amemalizia."

"Usimukasirikie. Miye njo nilimukataza."

"Nilikuunguza, papa. Kwa mikono yangu."

"Ulininawisha," alisema Papa Gaston. "Kuna wazee hapa Jozi, watoto yao hawajui hata miguu ya baba iko namna gani. Wewe ulikuwa unaishika kila siku. Hiyo njo niliiona. Ile moto sikuisikia, sasa nitakushitaki kwa kitu sikusikia?"

Alicheka kidogo ili naye acheke. Héritière aliweka kichwa kwenye goti la mguu uliobaki, akalia mpaka kitambaa cha suruali kikalowa. Tangu mzee atoke hospitali alikuwa akimkatalia asimwoshe ule mguu mwingine. Nimekuwa mlemavu, naona haya, alisema. Binti alikuwa amejiumiza moyo miezi yote hiyo akidhani baba yake amemchoka. Kumbe mzee alikuwa anaulinda mguu, na anamlinda yeye, kwa uongo mmoja.

"Ungeniambia, papa."

"Ili ubebe? Miye nimebeba vita, nimebeba mama yako mpaka kaburini. Ya mguu moja ingenishinda?"

"Daktari alijua," alisema Héritière, na sauti ikaanza kupanda. "Thabo alijua. Wewe ulijua. Turffontein nzima walijua, na watoto wao. Mlijua wote, isipokuwa aliyechemsha maji. Mlinihurumia, mlinistahi, mlinipenda, lakini hakuna aliyeniambia, na mimi ndiye nilikuwa na sufuria mkononi."

Papa Gaston alimpapasa kichwani, kama zamani alipokuwa mdogo na homa.

"Thabo ni mutu muzuri," alisema mwishowe. "Alifunga kinywa kwa heshima. Hata miye, mbele ya baba ya mama yako, ningefunga. Maji yakimwagika hayazoleki, mutoto wangu. Jumamosi wazee wake wanakuja. Usiharibu."

"Najua ni mtu mzuri. Angekuwa mbaya ningelia kidogo nikapona. Hilo la uzuri ndilo linaloniua."

Mlango uligongwa. Ilikuwa hodi ya Thabo, laini, ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Ingia, mukwe," alisema Papa Gaston kwa haraka.

Lakini Héritière alikuwa ameshasimama. Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake, wakabaki wawili barazani. Lile shati jeupe lilikuwa limekunjamana kifuani. Alitamani kulinyoosha kwa kiganja, alitamani kichwa chake kiende pale kilipozoea kwenda. Mwili hauna habari na ugomvi wa moyo, wenyewe bado ulikuwa unampenda.

"Waambie wazee wako wasije."

"Héritière, nakuomba. Nihukumu, nitukane, lakini usiniache. Nimebadilika. Siku ule mguu ulipokatwa, nami nilikatika. Sitanyamaza tena maishani mwangu."

"Nakupenda, sitakuficha," alisema Héritière. "Leo asubuhi nilikuwa nahesabu watoto tutakaozaa. Niambie kitu kimoja, labda nitalegea. Kuna kanisa lolote ambalo bado linangoja zamu?"

"Moja. La Diepsloot."

"Zamu yao lini?"

"Baada ya baridi."

"Baada ya baridi," alirudia. "Huko kuna mwenye sukari unayemjua?"

"Wapo wengi. Kuna baba mmoja, Parfait, ana duka la spaza, kiduka cha mtaani, pale karibu na kanisa. Nilipita kununua maji majuzi, nikamwona kavaa ndala, kidole gumba kimekuwa cheusi na yeye anatembea tu, hana habari..."

Thabo aliishia hapo. Aliusikia mwenyewe mdomo wake.

"Ukamwambia nini?" aliuliza Héritière.

Upepo ulipita barazani. Ndani ya nyumba gongo moja lilianguka, na mzee akajifanya anakohoa.

"Thabo. Ukamwambia nini?"

"Duka lilikuwa limejaa watu," alisema kwa sauti iliyokufa. "Ni mtu mzima, mbele ya wateja wake, wengine wapangaji wake. Niliona nitamwaibisha. Nilisema nikipita tena..."

Héritière alifumba macho. Mpaka dakika ile, niwaambieni, alikuwa na nia ya kusamehe. Ilikuwa imejificha mahali, chini ya hasira, inangoja kuitwa. Sasa aliitafuta asiione. Hakumwona tena mwoga wala mwongo mbele yake. Alimwona kijana mpole, mwenye heshima zake, ambaye angekaa kando ya kitanda cha mtoto wao mgonjwa na kunyamaza kwa adabu.

"Nenda Diepsloot," alisema.

"Nitakwenda kesho asubuhi na mapema."

"Nenda sasa hivi. Taxi zipo. Usimpigie simu, usiagize mtu. Ingia dukani, hata kama wamejaa mpaka barabarani, umwambie avue ndala umtazame huo mguu, halafu umpeleke hospitali mwenyewe. Akikutukana, mwache atukane. Akikufukuza, kaa mlangoni. Na mkewe umwambie, na binti yake kama anaye. Anayemchemshia maji umwambie wa kwanza."

"Nikifanya hivyo, nirudi?"

Swali hilo lilimchoma kuliko yote ya siku ile. Alimshika Thabo shavuni, akamtazama vizuri, paji la uso, nyusi, midomo ile. Alimtazama hivyo kwa sababu alijua hatamtazama tena kwa karibu namna hii.

"Hapana," alisema. "Ufanye hivyo bila kurudi."

Thabo aliushika ule mkono, akaubusu kiganjani, akauachia. Alishuka ngazi. Alipofika getini akaanza kutembea kwa haraka, na kabla hajafika kona alikuwa anakimbia kuelekea kwenye taxi. Héritière alimwona akikimbia, na moyo wake ukakimbia naye mpaka kona, ukakwama hapo.

Alirudi ndani. Papa Gaston alikuwa amejaribu kusimama bila gongo, amejishikilia meza.

"Amekwenda wapi?"

"Diepsloot, papa."

"Na Jumamosi?"

Héritière aliliokota gongo, akampa, akamshika kiuno mpaka mzee akakaa tena vizuri.

"Jumamosi tutakuwa wawili," alisema. "Nitapika fufu na sombe. Tutakula mapema."

Mzee alimsogezea mkono mezani. Héritière aliushika, akakaa sakafuni karibu na kiti, na hapo ndipo alipomlilia Thabo kwa sauti, bila kujali majirani.